Kabla ya Kung'oa Shokapu za Umeme

Camaro ZL1 ya mwaka 2017 ilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 29.60. Ilikuwa imefungwa shokapu za sumaku, Magnetic Ride, teknolojia ambayo General Motors imekuwa ikijivunia tangu ilipoiweka kwenye Cadillac Seville mwaka 2002. Katikati ya 2017 ikatoka ndugu yake, ZL1 1LE, yenye injini ileile ya V8 ya nguvu za farasi 650, ikazunguka kwa 7:16.04. Wahandisi wa kiwanda walikuwa wameziondoa zile shokapu za sumaku na kufunga za kampuni ya Multimatic zisizo na waya hata mmoja.

Wapenzi wengi wa magari waliisoma habari hiyo kama hukumu: shokapu za umeme ni za starehe, koilova, yaani seti za springi na shokapu zenye kimo cha kurekebishwa, ni za kazi. Hawakuangalia vitu vilivyobadilishwa pamoja nazo. 1LE ilivishwa matairi ya Goodyear yanayokaribia yale ya mashindano, ikawekewa bawa la nyuma la kaboni na kupunguzwa uzito wa takriban kilo 27. Miaka mitano baadaye Porsche ikaelekea upande wa pili kabisa. 911 GT3 RS ya 2022 ina shokapu za umeme ambazo dereva huzirekebisha kwa vifundo vilivyo kwenye usukani, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kubonyea kando na kurudi kando. Gari hilo lilizunguka Nürburgring kwa 6:49.328.

Msimamo wa safu hii ni kwamba, kwa gari la michezo linalotembea barabarani siku nyingi za mwaka, kung'oa mfumo wa umeme ulio mzima na kufunga koilova za bei ya chini ni kulishusha gari daraja. Koilova nzuri zinaweza kulifanya liwe bora kuliko lilivyotoka kiwandani, lakini faida hiyo hutoka kwenye springi zilizochaguliwa kwa hesabu na shokapu zilizolinganishwa nazo. Kuondoa waya peke yake hakuleti chochote. Na anayenunua kabla ya kujua kasoro anayotaka kuitibu hulipa pesa nyingi ili apate kasoro nyingine.

Tofauti ya msingi ambayo hata mafundi wazuri huichanganya ni hii: springi hubeba uzito wa gari, shokapu hutuliza mwendo wa springi. Springi, zikisaidiwa na stabilaiza, huamua gari litainama kiasi gani. Shokapu huamua litainama kwa haraka gani, kwa sababu ukinzani wake hutokea pale tu pistoni inapokuwa kwenye mwendo. Dereva akibonyeza kitufe cha Sport, kinachokaza shokapu za umeme, na kuingia kwenye kona, gari huchelewa kuinama na usukani huonekana mwepesi wa kuitika. Lakini kona ikiwa ndefu na gari likishatulia ndani yake, litakuwa limeinama vilevile kama lingekuwa kwenye hali laini ya Comfort. Kwa hiyo mwenye gari anayelalamika kuwa linalala mno kwenye kona ndefu hatapata dawa kwenye kitufe, wala kwenye shokapu mpya zilizofungwa na springi za zamani. Anayelalamika kuwa gari linadunda mara mbili tatu baada ya kuvuka tuta ana tatizo la shokapu, na springi ngumu zitamwongezea.

Umeme unagusa nusu ya pili tu ya kazi hiyo. Ndani ya shokapu pistoni hupanda na kushuka kwenye mafuta, na mafuta hulazimika kupenya kwenye vitundu vyembamba. Kitundu kikibanwa, ukinzani huongezeka. Kikiachiwa, gari hulainika. Toyota iliweka mfumo wake wa TEMS kwenye Soarer mwaka 1983, na baadaye kwenye Supra ya A70: mota ndogo juu ya shokapu ilizungusha fimbo iliyobadilisha upana wa kitundu, kwa ngazi chache tu. Mifumo iliyofuata, kama EDC ya BMW, PASM ya Porsche na DCC ya Volkswagen, ina vali inayoendeshwa kwa mkondo wa umeme unaobadilika muda wote gari linapotembea. Magnetic Ride ni tofauti zaidi. Haina vali inayosogea. Mafuta yenyewe yamechanganywa na chembechembe za chuma, na koili iliyo ndani ya pistoni ikipewa umeme, chembe hizo hujipanga na mafuta hugeuka mazito papo hapo. GM inasema mfumo huo unaweza kubadilika hadi mara 1,000 kwa sekunde.

Amri zote hizo hutoka kwenye kompyuta inayosoma sensa za kimo karibu na magurudumu na sensa za mtikiso kwenye bodi. Programu nyingi zina mizizi kwenye wazo ambalo mhandisi Dean Karnopp na wenzake waliliandika mwaka 1974, la kuituliza bodi kana kwamba shokapu imening'inizwa kwenye anga isiyotikisika. Ni wazo zuri sana, na limeyapa magari ya kawaida utulivu ambao shokapu isiyo na umeme haiwezi kuufikia barabarani, kwa kuwa shokapu hiyo lazima ichague hali moja ya kuishi nayo. Lakini programu iliandikwa kwa springi za ugumu fulani, uzito fulani na kimo fulani. Ukibadilisha kimoja, kompyuta itaendelea kutoa amri za gari ambalo halipo tena.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa jambo. Chukua pembe moja ya gari ambapo springi imebeba kilo 350, na ugumu wake ukipimwa kwenye gurudumu ni nyutoni 30 kwa milimita. Bodi kwenye pembe hiyo itadunda takriban mara 1.47 kwa sekunde. Funga springi iliyo ngumu zaidi kwa nusu, yaani nyutoni 45, na mdundo unafika mara 1.8. Ukinzani unaotakiwa kuutuliza kwa kiwango kilekile unapanda kwa asilimia 22. Kama shokapu ya kiwanda ilikuwa ikitoa asilimia 35 ya ukinzani wa ukomo, ule unaoirudisha bodi mahali pake bila kudunda hata mara moja, sasa inatoa chini ya asilimia 29. Tarakimu hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Barabarani dereva atahisi pua ya gari ikiendelea kupanda na kushuka wakati yeye tayari anataka kukanyaga breki.

Shokapu ya umeme huwa na akiba ya ukinzani, na ndiyo maana springi zilizoongezwa ugumu kidogo mara nyingi huelewana nayo. Zikizidi, Comfort hulegea kupita kiasi na Sport peke yake ndiyo hubaki ya kutumika. Mwenye gari basi analaumu shokapu, anazing'oa, wakati aliyevunja ndoa hiyo ni springi aliyoichagua mwenyewe kwa kutazama picha za magari yaliyolala chini.

Kuna imani nyingine ambazo safu hii hukutana nazo mara kwa mara, na kila moja inagharimu watu pesa.

Ya kwanza ni kwamba koilova ni kifaa cha aina mpya. Magari mengi ya kisasa yana springi iliyovalishwa juu ya shokapu tangu kiwandani, angalau mbele. Kinachoongezwa na koilova za dukani ni ganda lenye nyuzi za kurekebisha kimo, na uhuru wa kuchagua springi na vali. Nyuma hali huwa nyingine. Kwenye BMW M3 na M4 za kizazi cha F80 na F82, zilizotoka 2014, springi ya nyuma hukaa peke yake na shokapu hukaa kando. Seti nyingi za gari hilo huheshimu mpangilio huo. Zipo nyingine zinazohamisha springi ya nyuma kuiweka juu ya shokapu, na hapo uzito wote wa pembe ile unahamia kwenye kikombe cha juu ambacho kiwandani kilibeba nguvu za shokapu tu. Gari la mashindano huimarishwa sehemu hiyo. Gari la barabarani lisiloimarishwa liachwe lilivyo.

Ya pili ni kwamba kukaza nati ya springi huongeza ugumu. Kwa springi ya kawaida iliyobeba gari, nati ikipandishwa gari hupanda kimo. Ugumu hubaki uleule, kwa sababu uzito ulioko juu yake haujabadilika. Fundi anayemwambia mteja kuwa "amekaza kidogo ili gari liwe gumu" amembadilishia kimo na kuharibu mgawanyo wa uzito kati ya matairi.

Ya tatu ni hesabu ya mibofyo. Tangazo linasema ngazi 30, mnunuzi anaamini amepata ubora mara kumi ya kitufe chenye hali tatu. Kwenye shokapu nyingi za bei nafuu kifundo kimoja hubadilisha kubonyea na kurudi kwa pamoja, na sehemu kubwa ya badiliko hutokea kwenye mibofyo michache ya mwisho. Njia ya kujua ni mchoro wa dyno ya shokapu unaoonyesha nguvu kwa kila mwendokasi wa pistoni. Kampuni inayojua kazi yake huwa nao.

Na ile kubwa kuliko zote: gari likishuka linashika barabara zaidi. Kushuka kidogo husaidia, maana kitovu cha uzito kinashuka. Lakini kwenye gari lenye mguu wa MacPherson, mikono ya chini ikishapinduka kuelekea juu, kile kitovu ambacho gari huinamia hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Wenzo kati yao unarefuka, gari linataka kuinama zaidi kuliko mwanzo, na mwenyewe anashangaa kwa nini milimita 40 alizoshusha zimemletea gari zito la kugeuza. Juu ya hapo amekula nafasi ya shokapu kubonyea. Raba ya kizuizi ikiguswa katikati ya kona, ugumu wa pembe ile hupaa ghafla na tairi huachia. Madereva wengi hudhani wameishiwa na tairi, kumbe wameishiwa na nafasi ya shokapu.

Suala la kompyuta baada ya kung'oa ndilo linalofanywa kiholela kuliko yote. Gari lisilopata shokapu zake huwasha taa ya onyo, na baadhi ya magari huzima hali za Sport au huingia kwenye hali ya tahadhari. Wengine hutoa taa kwenye dashibodi au kufunga resista ya bei rahisi mahali pa waya wa shokapu. Resista inayopitisha mkondo muda wote huchemka, na ikifungwa kwa gundi kwenye kona ya plastiki ni hatari ya moto. Njia za haki ni mbili: moduli zilizotengenezwa kwa gari husika, ambazo kampuni za koilova kama KW huziuza pamoja na seti zao, au kuifundisha kompyuta kwa mashine ya uchunguzi kwamba mfumo huo haupo tena. Sensa za kimo hazitupwi. Kwenye magari mengi ndizo pia zinazoelekeza taa za mbele. Vijiti vyake vikiachwa bila kurekebishwa baada ya gari kushushwa, mwanga utaelekea pasipotakiwa, na anayekuja mbele ndiye ataumia macho.

Hizi ni kazi za gereji yenye subira. Bushi nyingi za mikono ya gari ni raba iliyoshikamana na chuma, na hufanya kazi kwa kujisokota. Boliti zake zikikazwa wakati gari limening'inia kwenye lifti, raba hubaki imesokotwa kila gari linapotua, na huchanika mapema. Zinatakiwa kukazwa gari likiwa kwenye kimo chake cha kutembelea. Baada ya hapo kimo kipimwe, uzito wa kila tairi upimwe kwa mizani stabilaiza ikiwa imefunguliwa, kisha alaimenti. Seti ya gharama kubwa iliyofungwa bila hatua hizo hushindwa na springi za kiwandani, na safu hii haioni sababu ya kumhurumia muuzaji anayemwachia mteja afungiwe popote.

Magari haya yako Nairobi na Dar es Salaam pia, mengi yakiwa yametumika Japani au Uingereza. Kenya hupokea magari yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo Golf R, Audi S3 au BMW yenye shokapu za umeme inaweza kushuka Mombasa ikiwa imekaribia umri ambao seali huanza kuchoka. Shokapu moja ikivuja, bei ya mpya humsukuma mwenye gari kwenye koilova kwa sababu ya pesa, si kwa sababu ya mbio. Hilo linaeleweka, na si kosa. Kosa ni kuchagua seti iliyokusudiwa barabara laini za Ulaya kisha kuishusha hadi mwisho katika mji wenye matuta yasiyo na kipimo. Hapa kinachotangulia ni urefu wa mwendo wa shokapu na wingi wa nafasi ya kubonyea, halafu ugumu, halafu sura. Pwani kuna chumvi, na bara kuna vumbi. Nyuzi za ganda zisizopakwa grisi na kufunikwa hushikana ndani ya misimu michache, na kimo kinachodaiwa kurekebishika hakirekebishiki tena. KW hutengeneza maganda yake mengi kwa chuma kisichoshika kutu, na mtu wa Tanga au Mombasa ana sababu ya kulipia hilo.

Kwa hiyo afanye nini mwenye gari? Mara nyingi jibu la kwanza ni la bei ndogo. Matairi bora, bushi mpya, raba mpya za juu ya shokapu na alaimenti iliyopimwa vizuri hurudisha zaidi ya nusu ya kile ambacho watu hukitafuta kwenye koilova. Gari lenye miaka kumi huwa halijawahi kuonekana na mmiliki wake wa sasa likiwa zima.

Akishafanya hayo, na bado anataka gari lisilolala sana na la chini kidogo kwa matumizi ya barabarani, asiachane na umeme. Bilstein ina B16 DampTronic, na KW ina DDC inayochomekwa kwenye plagi za kiwandani. Zote ni koilova zenye springi na vali zilizobuniwa pamoja, na kitufe cha gari huendelea kufanya kazi. Kwa maoni ya safu hii hilo ndilo chaguo sahihi kwa wengi, na linashangaza kwa jinsi linavyorukwa. Ipo pia njia ya kubadilisha ubongo na kuacha miguu: DSC Sport hutengeneza kompyuta za kuongoza shokapu za umeme za kiwandani kwenye magari kama Nissan GT-R, Porsche na Corvette. Dereva mwenye springi ngumu kiasi na shokapu nzima anaweza kupata programu inayolingana nazo bila kung'oa kitu.

Anayekwenda uwanjani kweli, na matairi ya uwanjani, na muda wa kurekebisha na kuandika anachorekebisha, huyo ana haki ya kuacha umeme. BMW yenyewe ilifanya hivyo kwenye M4 GTS ya 2016, toleo la magari machache tu, lililofungwa koilova za kurekebishwa kwa mkono kwa njia tatu. Shokapu isiyo na umeme ina sifa moja ambayo dereva wa mbio huithamini kuliko starehe: leo na kesho, kwenye kona ileile, hutoa jibu lilelile, na anayeirekebisha anajua amebadilisha nini. Pia hufunguliwa, hubadilishiwa mafuta na vali, na kurudishwa kazini, huduma ambayo shokapu nyingi za umeme za kiwandani hazikukusudiwa kuipata. Öhlins ya Road & Track au KW Variant 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Chini ya kiwango hicho mnunuzi awe mwangalifu sana.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akupe vitu vitatu kwa maandishi: ugumu wa springi za mbele na za nyuma, mchoro wa dyno wa shokapu hiyohiyo, na milimita za kubonyea zitakazobaki gari likiwa kwenye kimo anachokipendekeza. Akishindwa kukupa hata kimoja, baki na shokapu zako za umeme, pesa hiyo itie kwenye matairi na bushi.